Mgonjwa Amebadilika: Kutafuta Sababu Wakati wa Usingizi na Baada ya Upasuaji

Maelezo haya nawaandikia wenzangu wanaotoa dawa ya usingizi katika hospitali za wilaya na vituo vya afya vya kusini mwa Tanzania: Newala, Tandahimba, Mangaka, Liwale, Ruangwa, Kilwa. Huko mara nyingi mtu wa usingizi ni mmoja kwa zamu nzima, na rufaa ya kwenda hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au hospitali ya kanda pale Mitengo inataka gari, mafuta na barabara inayopitika. Nimepanga kwa dalili kwa sababu ndivyo tatizo linavyotufikia. Unachopewa ni namba inayoshuka, mama anayepiga miayo, mzee asiyeamka, au nesi aliyesimama mlangoni akisema mgonjwa wako amebadilika. Sababu unaitafuta mwenyewe, na muda ni mfupi.

Msimamo wangu ni huu: dalili iwe yoyote, anza na sababu inayoua haraka kuliko zote, hata kama siyo unayokutana nayo kila siku. Na mkono wako umfikie mgonjwa kabla macho hayajaganda kwenye skrini. Dozi nitakazotaja ni za mtu mzima, isipokuwa niseme vinginevyo. Mtoto apimwe uzito kwenye mzani, asikadiriwe kwa macho.

Kabla ya sindano ya kwanza

Matatizo mengi ya mezani huanzia wodini. Kufunga ni saa 6 kwa chakula na saa 2 kwa maji matupu, lakini ukimwambia mtu "usile" anaweza kuelewa ugali peke yake. Muulize kwa majina: umekunywa uji? Togwa? Chai ya maziwa? Vyote hivyo ni chakula. Kuanzia Oktoba, mabibo yanapoanza kuanguka, ongeza swali la uraka na nipa, pombe za mabibo. Uliulize kwa heshima, pembeni, maana mzee aliyezungukwa na wakwe zake hatakwambia kweli. Mnywaji wa miaka mingi anaweza kuhitaji dawa zaidi ili alale, sukari yake inaweza kushuka akifungishwa usiku kucha, na akikaa siku mbili bila pombe huanza kutetemeka na kuchanganyikiwa. Hapo wodini watasema malaria imempanda kichwani, kumbe ni pombe aliyoikosa.

Uliza pia kama ana selimundu. Huyo asipate baridi, asikaukiwe maji, asikose oksijeni hata kwa muda mfupi.

Kisha vifaa. Mashine ya kufyonza iwashwe na ivute mbele ya macho yako. Ambu, mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, iwe na barakoa inayomkaa mgonjwa wa leo. Taa ya laringoskopu, kifaa cha kutazamia koo, iwake. Konsentreta, mashine ya umeme inayotoa oksijeni, iwe na mtungi uliojaa pembeni yake. Dawa ya kupandisha presha iwe imeshavutwa kwenye sirinji na kuandikwa jina. Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO isomwe kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Nimeona fomu hiyo ikijazwa yote kwa mkupuo baada ya kazi kwisha. Karatasi ya namna hiyo haijamlinda mtu.

Oksijeni inashuka

Namba ya oksimita, kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu, ikiwa chini ya asilimia 94, chukua hatua. Ikiwa chini ya 90, ni dharura, na daktari mpasuaji aambiwe asimamishe mkono kama panawezekana. Ongeza oksijeni kwanza, ndipo utafute sababu. Usifanye kinyume chake.

Tazama kifua kama kinapanda. Weka kiganja mbele ya mdomo na pua usikie hewa. Tazama ulimi na ndani ya midomo, kwa sababu kwa ngozi zetu kucha na uso huchelewa kukuonyesha rangi. Kama kifua kinavuta lakini hewa haitoki, njia imeziba. Kwa aliyelala kwa nusu kaputi, mara nyingi ni ulimi umerudi nyuma: inua taya, weka mrija wa mdomoni, fyonza mate na damu. Kukoroma ni njia iliyoziba nusu. Kifua kinachohangaika bila sauti yoyote ni njia iliyoziba kabisa, na huyo ndiye wa kumkimbilia.

Koo likijifunga, hasa kwa mtoto aliyepewa ketamini, dawa ya usingizi, na mate yamejaa, utasikia mluzi mwembamba, kisha kimya. Acha kila kinachomsumbua, mwambie mpasuaji asiguse kitu, banisha barakoa vizuri na usukume oksijeni kwa shinikizo la wastani huku umeinua taya. Lisipofunguka, suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo kwenye mshipa. Kama sindano ya mshipani imetoka, miligramu 4 kwa kilo kwenye msuli. Kwa mtoto, atropini miligramu 0.02 kwa kilo iwe mkononi, maana mapigo yatashuka.

Aliyewekewa mrija wa kupumulia ana sababu zake. Mrija umeingia mbali mno na unajaza pafu la kulia peke yake: sikiliza pande zote mbili, uvute nyuma kidogo. Mrija umeziba kwa makohozi au umekunjika: pitisha mpira wa kufyonza. Au mrija haukuingia kwenye njia ya hewa tangu mwanzo, uko tumboni. Hili la mwisho linaua watu kwa sababu mwekaji anaamini aliuona ukipita. Kama una kipimo cha hewa ya kaboni inayotoka, kiamini hicho kuliko macho yako. Kama huna, na namba inaendelea kushuka, na una shaka, utoe. Mpe hewa kwa barakoa na Ambu, atulie, ndipo ujaribu tena.

Mgonjwa akiwa sawa, rudi kwenye vifaa. Bomba limechomoka? Mtungi umekwisha? Konsentreta imezimika na umeme? Inaporudi kuwaka huchukua dakika kadhaa kabla haijatoa oksijeni ya kutosha, kwa hiyo hamia kwenye mtungi usisubiri. Na ukikosa vyote, Ambu haihitaji umeme wala mtungi. Hewa ya kawaida inayoingia mapafuni ni bora kuliko mashine ya bei kubwa ambayo mgonjwa wake hapumui kabisa.

Shuku kwamba kipimo kinadanganya baada ya hayo, siyo kabla. Huku pwani utaletewa bi harusi wa wiki iliyopita, vidole vimejaa piko mpaka kwenye kucha, na oksimita inasoma 82 au haisomi kitu. Hina nyekundu kwa kawaida haisumbui. Piko jeusi ndilo linalozuia mwanga wa kipimo. Hamishia kwenye ndewe ya sikio, au kidole cha mguu ambacho hakijapakwa. Sababu nyingine za uongo ni mkono wa baridi, mkono huohuo kufungwa mkanda wa presha, taa ya thieta kumulika kipimo, na kutetemeka. Namba ikisomeka bila mawimbi yanayolingana na mapigo unayoyashika kwa kidole, usiitegemee.

Kuna upande wa pili wa uongo huo, nao unanitia hofu zaidi. Mgonjwa anayepewa oksijeni anaweza kupunguza kupumua, hata kuacha, na namba ikabaki 99 kwa dakika kadhaa. Oksimita inakwambia oksijeni iliyopo kwenye damu, haikwambii kama anapumua. Hesabu pumzi. Na sauti ya oksimita isizimwe: mlio wake hushuka namba inaposhuka, utausikia hata ukiwa umegeuka kuvuta dawa.

Presha inashuka baada ya sindano ya mgongo

Hapa ndipo tunapokaa siku nzima, kwa sababu akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji, na wazee wengi wa mabusha na ngiri, wanachomwa mgongoni. Ganzi inalegeza mishipa ya damu ya sehemu ya chini ya mwili, damu inatuama huko, na moyo unarudishiwa kidogo. Kwa mjamzito aliyelala chali, kizazi kinaukandamiza mshipa mkubwa na kuzidisha tatizo.

Presha pimeni kila dakika kwa dakika 10 za mwanzo, kisha kila dakika 5. Lakini mama atakwambia kabla ya mashine. Anapiga miayo. Anasema moyo unamchafuka. Jasho linamtoka kwenye paji la uso. Akisema "nataka kutapika" mara tu baada ya sindano, usikimbilie dawa ya kutapika. Chukua kwamba presha imeshuka mpaka uthibitishe vinginevyo. Ukiipandisha, kichefuchefu kinaondoka chenyewe.

Hatua zake: shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia ili kizazi kiegemee kushoto, dripu iachiwe, miguu iinuliwe. Efedrini, dawa ya kupandisha presha, miligramu 5 hadi 10, rudia. Kama mapigo yanakimbia na una feniliefrini, nayo ya kupandisha presha, mpe mikrogramu 50 hadi 100. Kama presha iko chini na mapigo yako chini ya 50, atropini miligramu 0.5 hadi 0.6, na efedrini ndiyo inayofaa kuliko feniliefrini. Vituo vingi efedrini huisha. Basi changanya adrenalini miligramu 1 kwenye chupa ya mililita 100 za maji ya chumvi. Kila mililita itakuwa na mikrogramu 10. Mpe nusu mililita hadi moja kwa wakati, ukipima. Chupa hiyo iandikwe kwa herufi kubwa na isitundikwe kamwe pamoja na dripu nyingine, kwa sababu mtu akiifungua akidhani ni maji, atamuua mgonjwa.

Usimlaze kichwa chini. Dawa nzito ya mgongo hufuata mteremko, na ukimtega meza kuelekea kichwani dakika chache baada ya sindano, unaipeleka ganzi kifuani. Inua miguu peke yake.

Ganzi ikipanda mno

Mshike mkono. Hiki ni kipimo ninachokipenda kuliko vyote, hakina gharama wala betri. Ingiza vidole vyako viwili kwenye kiganja chake na umwambie: "Mama, nibane kwa nguvu." Akibana vizuri, ganzi haijafika mikononi. Rudia kila dakika mbili. Siku ganzi inapopanda, utasikia mwenyewe: mbano wa kwanza wa nguvu, wa pili umelegea, wa tatu vidole vinagusa tu bila kubana. Atakwambia mikono inakufa ganzi. Sauti yake itakuwa ya kunong'ona, na ukimwambia akohoe, hawezi. Baada ya hapo mapigo yanashuka kwa sababu mishipa ya fahamu inayouharakisha moyo imeguswa.

Kama ni kifua kizito tu lakini anabana na kuongea, mara nyingi ni kwamba hasikii misuli ya mbavu zake ikisogea. Mpe oksijeni, mtulize. Kama hawezi kubana wala kuongea, ita msaada, msaidie kupumua kwa Ambu mara moja, adrenalini kidogokidogo, dripu wazi, na jiandae kuweka mrija. Huyu anasikia kila neno. Mwambie: "Mama, nipo hapa, nakupumulia mimi, nguvu zitarudi." Kama Kiswahili chake ni kidogo na nesi anajua Kimakonde au Kimwera, nesi huyo asimame kichwani amweleze kwa lugha yake. Mpe dawa ya kumlaza kiasi kidogo kabla ya mrija. Kumlemaza mtu akiwa macho ni ukatili. Ganzi itashuka ndani ya saa moja au mbili, na mama huyo atatoka salama ikiwa tu alipumuliwa bila kukatizwa.

Presha inashuka, lakini sababu siyo ganzi

Presha iliyoshuka dakika 5 baada ya sindano ni ganzi. Presha inayoshuka dakika 30 baadaye, mtoto ameshatoka na ulikuwa umeituliza, ni damu mpaka uhakikishe. Tazama chupa ya kufyonza, tazama vitambaa, inama utazame chini ya meza, na umwombe mkunga atazame ukeni, kwa sababu kizazi kinaweza kuwa kimeshonwa vizuri huku damu inatoka chini. Mama mwenye afya njema huvumilia kupoteza damu nyingi presha ikiwa nzuri, kisha huanguka ghafla. Mapigo yanayopanda kutoka 90 kwenda 130 ndiyo taarifa yako ya kwanza.

Oksitosini, dawa ya kubana kizazi, nayo hushusha presha ikisukumwa haraka. Mpe yuniti 3 hadi 5 taratibu, kisha yuniti 20 kwenye lita moja ya dripu. Kizazi kikilegea, kikandwe, dripu ya oksitosini iendelee, misoprostoli, nayo ya kubana kizazi, mikrogramu 800 chini ya ulimi, na asidi ya traneksamiki, ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajifungue. Ergometrini, dawa nyingine ya kubana kizazi, asipewe mwenye presha ya kupanda. Damu iombwe mapema. Ndugu walioko nje waambiwe sasa, wala msisubiri mpaka nusu ya damu yake iwe sakafuni ndipo mtafute wachangiaji.

Na kuna jambo nalishikilia bila kulegeza: mama aliyekwishapoteza damu, wa mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka, wa kizazi kilichochanika, hachomwi sindano ya mgongo. Mwili wake umeshikilia presha kwa kubana mishipa, na wewe unakwenda kuilegeza yote kwa mara moja. Mpe ketamini kwa dozi iliyopunguzwa, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, mishipa miwili mikubwa ikiwa imeshafunguliwa, na mpasuaji ameshavaa na kisu chake kiko tayari.

Upele, uso kuvimba, kifua kubana na presha kuanguka baada ya antibayotiki au dawa nyingine: ni mzio mkali. Acha dawa, adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, dripu ya haraka, oksijeni.

Mapigo

Mapigo yakishuka kwa mtoto, ni oksijeni mpaka uthibitishe vinginevyo. Atropini bila hewa haimsaidii. Kwa mtu mzima, uliza mpasuaji anavuta nini. Kwenye mabusha na ngiri, kuvuta kamba ya korodani au utando wa tumbo hushusha mapigo ghafla. Aachie, na mara nyingi yanarudi yenyewe, yasiporudi, atropini. Mkoa wa Lindi na Mtwara tunawaona wazee hawa kwa wingi, na zinapofanyika kambi za upasuaji wa mabusha meza haipoi. Mzee wa mwisho wa jioni apimwe kwa uangalifu uleule wa mzee wa kwanza wa asubuhi. Dawa zake za presha na alichokula viulizwe upya hata kama foleni ni ndefu. Halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, nayo hushusha mapigo na kuyavuruga, ipunguze.

Mapigo yakipanda, pitia kwa mpangilio: hewa, damu, maumivu au usingizi mwepesi, ndipo dawa kama ketamini na atropini. Usimwongezee usingizi mgonjwa anayevuja damu kwa kudhani anasikia maumivu.

Presha ikipanda sana kwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba au dalili zake, ketamini si dawa yake. Haidralazini, dawa ya kushusha presha, miligramu 5 taratibu kwenye mshipa, magneziamu ya kuzuia degedege iendelee, na kumbuka magneziamu huzidisha na kurefusha kazi ya dawa za kulegeza misuli.

Upasuaji umekwisha, haamki

Akiwa anapumua, pima sukari kwanza. Inachukua dakika moja na jibu lake linatibika papo hapo. Mtoto mdogo aliyefungishwa tangu jana, mgonjwa wa kisukari aliyemeza vidonge asubuhi, mnywaji wa nipa: hawa sukari hushuka. Ikiwa chini, mpe deksitrosi ya asilimia 10, mililita 150 hadi 250, upime tena.

Kisha tazama anavyopumua. Pumzi chini ya 8 kwa dakika na mboni ndogo kama ncha ya sindano: ni mofini au pethidini. Mpumulie kwanza. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya mofini, miligramu 0.1 kila dakika 2 au 3 mpaka pumzi zipande. Huna haja ya kumwamsha kwa kishindo na kumrudishia maumivu yote. Naloksoni huisha mwilini kabla ya mofini, kwa hiyo usimwache dakika 20 baadaye ukidhani umemaliza.

Macho yamefunguka, anahangaika, misuli inarukaruka, hawezi kuinua kichwa kwa sekunde 5: dawa ya kulegeza misuli bado imo. Huyu hajachanganyikiwa, hana hewa ya kutosha. Mpumulie, na kama misuli imeshaanza kurudi, neostigmini, dawa ya kuondoa ulegevu huo, miligramu 2.5 pamoja na atropini miligramu 1. Kama alichopewa ni suksamethoniamu peke yake na haipotei, neostigmini haimsaidii. Endelea kumpumulia akiwa amelazwa kwa dawa mpaka iishe.

Baridi nayo humchelewesha mtu kuamka. Joto la nje liwe la Masasi mwezi wa Novemba, ndani ya thieta kuna kiyoyozi, tumbo lilikuwa wazi saa mbili, na dripu zilitoka kwenye kabati la baridi. Mfunike, mpashe joto. Ukimaliza yote haya na bado haamki, au upande mmoja wa mwili hausogei, fikiria ubongo na anza kupanga rufaa.

Saa ya kwanza nje ya thieta

Hapa nawaomba mnisikilize. Mgonjwa aliyetoka mezani akiwa mzuri anaweza kuharibika kwenye korido ya kwenda wodini, kwa sababu wote tumeshapumua na kusema imekwisha. Kama hakuna chumba cha kuamkia, tengenezeni kona: kitanda kimoja karibu na thieta, oksijeni, mashine ya kufyonza, na mtu mmoja aliyepangiwa kazi hiyo tu. Asiondoke mpaka anaitika jina lake, anapumua bila kukoroma, presha imetulia na oksijeni inabaki 94 au zaidi akiwa na hewa ya kawaida. Aliyelala kwa nusu kaputi alazwe ubavu. Vipimo kila dakika 15 kwa saa 2 za mwanzo.

Kumkabidhi mgonjwa kufanyike kwa mdomo, ana kwa ana, nesi wa wodi akiwa amesimama kitandani na wewe. Sema: amefanyiwa nini, dawa gani na saa ngapi, amepoteza damu kiasi gani, amepewa maji kiasi gani, presha ya mwisho, na jambo moja unalolihofia kwa mgonjwa huyu. "Sista, kizazi chake kilichelewa kubana. Kishike kila robo saa, na mkono upite chini ya makalio." Sentensi hiyo ya mwisho ina maana yake. Mzazi hurudi wodini amefunikwa khanga mbili na kitenge, analala kimya, kila anayepita anasema amepumzika. Damu haijai juu ya khanga. Inatuama chini yake, kwenye mpira wa godoro. Funua, pitisha mkono, tazama kiganja.

Ndugu nao wapewe kazi iliyo wazi, wanayo macho na hawaendi zamu. Waambie: akikoroma sana, akitapika, akitokwa jasho la baridi, akilowa damu, au mkimwita asiitike, mwiteni nesi papo hapo, msisubiri asubuhi. Wasimwinue kumnywesha uji kabla hajawa macho kabisa. Aliyechomwa mgongoni, akiwa macho na bila kichefuchefu, anaweza kuanza maji kidogokidogo mapema.

Malalamiko ya wodini

Kutetemeka baada ya ganzi ya mgongo: blanketi, dripu isiyo ya baridi, na kama kunamsumbua pethidini miligramu 25 taratibu. Akitetemeka huku anaongezewa damu, simamisha damu kwanza, hakiki jina na kundi. Akiwa na homa, pimeni malaria na tafuteni maambukizi.

Mkojo unatakiwa angalau nusu mililita kwa kilo kwa saa, yaani mililita 30 kwa saa kwa mtu wa kilo 60. Usipotoka, angalia kama mpira umekunjika au umeziba. Kama uko sawa, amepungukiwa maji au anavuja ndani. Dawa ya kukojoza si jibu la mgonjwa aliyekaukiwa.

Kichwa kinachouma siku ya kwanza hadi ya tatu, kikizidi akikaa au kusimama na kutulia akilala, ni cha sindano ya mgongo. Parasetamoli, maji ya kutosha, chai ya rangi au kahawa, na apumzike. Kisipopungua, arudi kwa mtaalamu. Lakini mzazi mwenye maumivu ya kichwa apimwe presha kabla ya kupewa jina hilo, kwani kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua. Homa na shingo ngumu ni jambo jingine kabisa, nalo ni la haraka.

Miguu inapaswa kurudi ndani ya saa chache. Ikipita saa 6 haisogei, au ilikuwa imerudi ikapotea tena na mgongo unauma vikali, damu inaweza kuwa imejikusanya ndani ya uti wa mgongo. Piga simu ya rufaa siku hiyohiyo.

Kabla gari la rufaa halijaondoka

Usimpakie mgonjwa ambaye njia yake ya hewa haijawa salama ukitarajia mambo yatakuwa mazuri mbele ya safari. Mishipa miwili iliyofungwa vizuri, mpira wa mkojo, karatasi yenye saa na dozi, Ambu na mashine ya kufyonza ya mguu ndani ya gari, na mtu anayejua kuvitumia.

Oksijeni ihesabiwe. Mtungi wa lita 680 uliojaa, kwa lita 5 kwa dakika, ni dakika 136. Ukiwa nusu ni dakika 68. Linganisha na muda halisi wa safari yako, siyo ule wa kiangazi. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya Kilwa ilikatika Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Tangu hapo naona ni haki kubeba mtungi wa pili hata kama safari ni fupi, na kumpigia simu anayepokea kabla gari halijawaka: jina la mgonjwa, upasuaji, presha ya sasa, oksijeni ya sasa, kundi la damu, na saa mnayotarajia kufika.